Nunua shingo, si rangi: gitaa la besi kwa mpigaji wa Lubumbashi

Karakana yangu iko Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kinachonilisha ni kuzungusha upya waya za mota zilizoungua: pampu za maji, vinu vya kusaga mahindi, feni. Besi napiga kanisani Jumapili, na arusini nikiitwa. Kwa kuwa nina pasi ya kulehemu na multimita, vijana wa korali walianza kuniletea magitaa yao, na siku hizi kuna wiki ambazo mezani kwangu besi ni nyingi kuliko mota.

Maswali mengi huja na picha kwenye simu. "Yaya" (huku kwetu ni jina la heshima kwa mkubwa wako), "hii niinunue?" Picha inaonyesha mwili mwekundu unaong'aa na nembo kubwa kichwani. Shingo haionekani vizuri, basi nami sina jibu. Mwili wa besi ni ubao wa kushikilia daraja, pale nyuzi zinapofungwa, na mikro, zile sumaku zenye waya zinazosikia nyuzi. Umeme wote wa ndani unabadilishwa kwa mchana mmoja, kwa pesa isiyotisha. Shingo iliyojisokota, kwa upande mwingine, itakutesa mpaka uiuze, na utakayemuuzia atakuchukia. Pesa yako ya kwanza inunue shingo iliyonyooka, inayobaki inunue nyuzi, na mengine yote ni kazi ya mikono yako na subira.

Kabla ya kutoa dola

Huku kwetu besi mpya zinauzwa kwenye maduka ya mjini. Nyingine wasafiri wanazipitisha mpakani Kasumbalesa zikitoka Zambia na Afrika Kusini. Halafu kuna okazyo, yaani zilizokwisha kutumika, za Ulaya, zinazoshuka kwenye makontena pamoja na majokofu na baiskeli. Mimi ni mtu wa okazyo. Shingo iliyokaa miaka mingi chini ya nyuzi na bado imenyooka imeshafaulu mtihani ambao mpya haijaufanya. Mikwaruzo ya mwilini hainisumbui. Inanisaidia kuteremsha bei.

Ukiwa na dola 200, usinunue besi ya 200. Tafuta ya 150, ubakize 50 kwa ajili ya nyuzi mpya, kebo nzuri, mkanda mpana wa begani na begi lenye sponji. Wengi wanamaliza pesa yote kwenye gitaa, kisha wanapiga mwaka mzima na nyuzi zilizokufa na kebo inayokatakata, wakisema besi ni mbovu.

Tafuta besi yenye umbo la Precision au la Jazz Bass. Kampuni ya Fender ilitoa ya kwanza mwaka 1951 na ya pili 1960, na tangu hapo viwanda vingi vimeyafuata maumbo hayo. Faida yako haiko kwenye jina, iko kwenye vipuri: mikro, daraja, mekaniki (vya kukazia nyuzi kichwani) na potansiometa (zilizo chini ya vitufe vya sauti) za maumbo haya ndizo rahisi kupata. Ile yenye pembe za ajabu inapendeza kwenye video, lakini siku daraja lake likivunjika utazunguka mji mzima, na hata hivyo utarudi mikono mitupu. Shingo ya Jazz Bass ni nyembamba kichwani, milimita 38 hivi kwenye sile, kile kipande kidogo chenye mifereji ambako nyuzi zinapita kabla ya kufika kwenye mekaniki. Ya Precision kwa kawaida ni pana zaidi. Mwenye vidole vifupi aanzie Jazz Bass.

Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka sile hadi daraja, ni inchi 34, yaani milimita 864. Kwa mtoto, au mtu mwenye mikono mifupi, kuna besi za inchi 30. Haziko nyingi mjini, lakini ukiiona usiicheke. Inapiga vizuri tu.

Nyuzi nne au tano? Makorali yote sasa yanataka tano kwa sababu ya uzi wa tano, ile noti ya Si (B) ya chini. Sawa, ila ujue unachonunua. Noti hiyo ya Si iko kwenye hezi 31 hivi, na spika nyingi za makanisa yetu haziwezi kuitoa. Zinatoa kivuli chake tu, huku zikijichosha. Noti ya Mi (E) ya besi ya nyuzi nne iko kwenye hezi 41, na hata hiyo ampli ndogo inaitoa kwa shida. Pia, besi za bei ya chini zenye nyuzi tano mara nyingi zina Si iliyolegea, inayoyumba. Kwa pesa ile ile utapata besi ya nyuzi nne iliyo bora zaidi. Na kama unadhani nyuzi nne ni chache, msikilize Mwenda wa Bayeke, mtu wa Bunkeya huku kwetu, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Hakuwa na mpiga besi. Kidole gumba chake kilifanya kazi hiyo kwenye nyuzi za chini za gitaa la kawaida, huku kidole cha shahada kikiimba juu. Jifunze kwanza gumba lile linatembeaje, halafu uje tuzungumze habari ya Si.

Kuhusu nembo, mazungumzo huwa hivi:

"Yaya, iko ya Amerika hii. Ya kweli kweli. Njo maana bei iko juu."

"Papa, mimi sinunui kichwa. Nionyeshe shingo kwanza."

Nembo ni karatasi. Inabandikwa na yeyote. Mlipe muuzaji kwa ubao na chuma unavyoviona, usilipe kwa herufi.

Namna ya kuikagua

Nenda na kebo yako, betri mpya ya volti 9 (besi nyingine hutumia betri), simu yenye programu ya kuakorde, yaani ya kulinganisha nyuzi, bisibisi, multimita kama unayo, na kadi moja ngumu. Muuzaji akikataa usiichomeke kwenye ampli, mwage vizuri uondoke.

Iakorde kabisa kwanza: Mi, La, Re, Sol (E, A, D, G). Shingo hupimwa ikiwa imebeba mzigo wake, na nyuzi nne za kawaida zikijumlishwa zinaivuta kwa nguvu ya kilo 80 hivi. Muuzaji mjanja huzilegeza ili shingo ionekane imenyooka. Kisha lete daraja karibu na jicho, kichwa cha gitaa kielekee mbali, uangalie kingo mbili za shingo kwa pamoja. Kupinda kidogo kuelekea mbele, sawasawa pande zote mbili, si ugonjwa. Lakini ukingo wa Mi ukielekea huku na wa Sol ukielekea kule, imejisokota. Rudisha. Hata ukipewa bure, fikiri mara mbili.

Sasa tafuta tundu la fimbo ya shingo, ile fimbo ya chuma iliyolala ndani ya ubao. Liko kichwani chini ya kifuniko kidogo, au upande wa pili, pale shingo inapoingia mwilini. Angalia kama pembe za ndani za tundu zimelika. Zikiwa zimelika, mtu ameshailazimisha kabla yako. Omba uruhusiwe kuizungusha kidogo sana kwenda na kurudi. Ikizunguka bila kushika kitu, imekatika. Ikiwa imekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele, nguvu yake imekwisha. Hali zote tatu ni sababu ya kuondoka.

Bonyeza kila frete, zile baa za chuma zinazokatiza shingo, kwenye kila uzi, polepole, bila kuona aibu. Nyuzi zikilia zzz kila mahali, ni marekebisho tu. Zikilia kwenye frete moja pekee, frete hiyo imelika, au jirani yake imeinuka. Sauti inayokufa upesi kwenye uzi wa Sol, kati ya frete ya 5 na ya 7, ni tabia ya besi nyingi za maumbo haya. Usikatalie besi kwa sababu hiyo, teremshia bei.

Kadi yako ijaribu kuingia pale shingo inapokutana na mwili. Ikizama kwa urahisi, kiungo ni kilegevu na sauti itapungua. Zungusha mekaniki zote nne. Zinazoteleza zinabadilishwa, usiogope. Vitufe vikikwaruza kwenye spika ni vumbi tu. Kugonga mikro kwa ncha ya bisibisi kunaonyesha kama iko hai.

Mwenye multimita afanye zaidi, kama besi haina betri: chomeka kebo, fungua sauti ya mikro moja hadi mwisho, funga ya pili, pima kwenye ncha mbili za jaki. Mikro ya Jazz Bass husoma kiloomu 7 hadi 8 hivi, ya Precision 10 hadi 11. Multimita ikiruka juu sana, kiloomu mia na zaidi, au isiposoma kitu, waya wa mikro umekatika au lehemu imeachia. Watu wanajua kazi yangu na wananiomba nizungushe mikro zao. Nakataa. Waya wake una unene wa milimita 0.06 hivi, na unazungushwa maelfu ya mizunguko; mikono iliyozoea mota za vinu inaukata kabla ya mzunguko wa kumi. Nunua nyingine.

Mwisho, ivae na mkanda usimame nayo. Kilo 4 ni uzito wa kawaida. Ikizidi 4 na nusu, ibada ya saa tatu itakuambia. Achia mikono yote miwili: kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa mtumwa wa kukishikilia. Mkanda mpana wa ngozi upande wa ndani unapunguza tatizo hilo, hauliondoi.

Marekebisho ya kwanza

Hapa ndipo besi ya dola 150 inapoanza kupiga kama ya 500, na hapa ndipo wengi hawafiki. Utahitaji funguo za Allen (fimbo za shingo nyingi zinachukua milimita 4 au 5, na funguo ndogo ni za viti vya daraja, vile vipande vinavyobeba kila uzi), bisibisi ya nyota, rula ya chuma yenye nusu milimita, na chumba chenye mwanga. Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaharibu ile iliyotangulia ukiupindua.

Anza na nyuzi mpya. Kwa besi ya nyuzi nne ninaweka seti ya 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi). Toa uzi mmoja mmoja, usizitoe zote kwa mara moja, ili shingo isishtuke. Pitisha uzi mpya kwenye daraja, uvute hadi kwenye mekaniki yake, ongeza kama sentimita 11, ukunje pembe mraba, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, ule uzi wa nje uliozungushwa unaweza kufunguka na sauti ikafa siku hiyo hiyo. Chomeka ncha katikati ya mhimili, kisha mizunguko ishuke chini, miwili au mitatu. Uakorde. Uvute kwa kidole katikati, uakorde tena, mpaka uache kushuka.

Kisha shingo. Bonyeza uzi wa Mi kwenye frete ya 1 na kwenye ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi umekuwa rula. Angalia frete ya 7 au ya 8: kati ya chuma na uzi inatakiwa nafasi ya milimita 0.3 hivi, unene wa kadi ya kawaida ya biashara. Nafasi kubwa mno, kaza fimbo kwa mwendo wa saa. Hakuna nafasi kabisa na nyuzi zinalia kwenye frete za mwanzo, legeza. Robo ya mzunguko, si zaidi, halafu akorde, subiri, pima tena. Ubao unaendelea kusogea baada ya mkono wako kuondoka. Mimi huiacha mpaka kesho yake kabla ya kuamua robo nyingine. Fimbo ikikaza sana, simama. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ndiyo mwisho wa besi ya bei hii.

Baada ya shingo, kimo cha nyuzi. Pima kwenye frete ya 12: milimita 2.5 chini ya Mi na 2 chini ya Sol ni mahali pazuri pa kuanzia. Viti vya daraja vina skrubu ndogo mbili kila kimoja; zizungushe sawasawa ili kiti kisilale upande. Anayepiga kwa nguvu aongeze nusu milimita. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha watu, inapokolea, mkono wa kulia unasahau adabu, na nyuzi zilizo chini mno hugonga frete badala ya kuimba.

Angalia na sile. Bonyeza uzi kwenye frete ya 3, kisha tazama frete ya 1: iwepo nafasi ndogo sana, ya karatasi. Kubwa mno, frete ya kwanza inakuwa ngumu kwa vidole na noti inapanda. Mfereji unahitaji kuchimbwa kidogo kwa tupa nyembamba. Ikiwa haipo kabisa na uzi mtupu unalia, jaza mfereji kwa unga wa bikaboneti, tone la super glu, acha ukauke, kisha uchimbe upya taratibu.

Halafu ulinganifu wa noti, ambao watu wanaukimbia bila sababu. Gusa uzi juu kabisa ya frete ya 12 bila kuubonyeza, piga, pata armoniki, ile sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha ubonyeze hapo hapo upige. Programu ya simu ionyeshe noti ile ile mara zote mbili. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kiti cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Akorde kila baada ya kusogeza. Kazi hii haifanyiki kwa nyuzi kuukuu. Zitakudanganya na utasogeza viti bure mchana kutwa.

Mikro ziwe za mwisho. Bonyeza frete ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na mikro. Zikikaribia mno, sumaku inavuta nyuzi na sauti inachafuka.

Sasa habari ya mji wetu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa imejaa maji. Kuanzia Mei mvua zinaisha, na usiku wa Juni na Julai baridi inashuka chini ya digrii 10 huku hewa ikiwa kavu kabisa. Shingo yako ni ubao na inasikia yote hayo. Ninapima shingo kila msimu unapogeuka, Mei na tena Novemba. Shingo moja inajinyoosha, nyingine inapinda, usikisie, pima. Katika kiangazi ubao unasinyaa na ncha za frete zinajitokeza pembeni, zinakwaruza kiganja. Zipunguze kwa tupa laini, uifunike shingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi wa wapaka rangi ili usiikwaruze. Ndani ya begi weka kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, chenye sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri. Mvua zikianza, kitoe.

Kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Kijana ananiletea besi yenye nyuzi zilizokufa na shingo iliyopinda, anataka mikro mpya za dola mia. Ninafanya marekebisho kwanza, anaondoka, na mara nyingi hazungumzii mikro tena. Ndiyo biashara mbaya ninayoijua vizuri.

Badiliko la kwanza lenye faida ni kuziba ngurumo. Sikiliza ngurumo yako. Ikipungua unaposhika nyuzi, waya wa ardhi wa daraja uko sawa, ila chumba cha umeme ndani ya mwili hakina kinga. Ikiongezeka unaposhika nyuzi, fungua uangalie: waya za jaki zimegeuzwa, au waya wa ardhi umeachia. Kwenye Jazz Bass, ukifungua sauti za mikro zote mbili sawasawa ngurumo inapungua sana, kwa kuwa kwa kawaida moja imezungushwa kinyume cha nyingine. Mikro moja peke yake itanguruma, ndivyo ilivyo.

Kinga hutengenezwa kwa foili ya shaba yenye gundi. Mji huu umejengwa juu ya shaba, lakini foili hiyo dukani huipati kirahisi. Inabidi umtume msafiri. Foili ya alumini ya mafundi bomba inafanya kazi pia, ila haishiki lehemu, na gundi yake mara nyingi haipitishi umeme, kwa hiyo kunja kingo ili chuma kiguse chuma, kisha funga waya wa ardhi kwa skrubu na pete yake ya chuma. Kata vipande kwa kufuata karatasi uliyopima kwanza, funika kuta, sakafu na kifuniko. Pima kwa multimita kwamba vipande vyote vimeungana na ardhi. Pale ncha hai ya jaki inapokaribia ukuta, bandika utepe wa mafundi umeme, kwani ikigusa foili besi inanyamaza kabisa na utadhani umeichoma.

Potansiometa zilizochoka zibadilishe. Za besi ya aina hii ni kiloomu 250, na kapasita ya sauti nzito ni mikrofaradi 0.047. Jaki iliyolegea ibadilishe bila kufikiri. Vifungio vya mkanda ni vitu vidogo vinavyookoa shingo. Usipovipata, pete za mpira za chupa za bia zilizo na kizibo cha waya zinashika vizuri.

Daraja zito la chuma? Linapendeza. Kama la zamani halijavunjika, pesa hiyo inunulie nyuzi. Kubadili besi yenye mikro za kawaida iwe ya betri nako kunatokana zaidi na tamaa ya vitufe vingi. Na usichonge mwili ili kuingiza mikro isiyolingana na shimo. Pima milimita kabla ya kuagiza. Vipuri vya awali vitunze kwenye mfuko, siku ya kuuza mnunuzi atavitaka.

Matunzo ya kila siku

Kitambaa kikavu baada ya kupiga, juu ya nyuzi na chini yake. Jasho la Jumapili likibaki hadi Jumamosi linakula chuma. Nyuzi zikififia na pesa haipo, zitoe, zikunje taratibu, zilaze usiku mmoja ndani ya spiriti kwenye chombo kilichofungwa, mbali na moto, kisha zikauke kabisa. Kuchemsha kwa maji nako kunasaidia, lakini kwa siku chache tu, na kutu inakuja upesi.

Ubao wa vidole wenye rangi ya giza, usio na vanishi, unapenda mafuta kidogo mara moja au mbili kwa mwaka. Usipake mawese wala mafuta ya kupikia. Yanaoza na kunuka. Mafuta meupe ya parafini ya famasi, yale wanayopewa wenye choo kigumu, yanatosha: matone machache, kisha futa yote. Nasema ya famasi, si mafuta ya taa. Ubao mweupe wenye vanishi haunywi mafuta. Kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Vitufe vinavyokwaruza vinapuliziwa dawa ya kusafishia kontakti, kisha vinazungushwa mara nyingi. Besi yenye betri ichomolewe kebo ukimaliza, maana jaki ndiyo swichi yake, na kebo iliyolala ndani usiku kucha inamaliza betri. Usiilegeze nyuzi kila jioni. Shingo inapenda kukaa kwenye mzigo mmoja. Usiiache ndani ya gari Oktoba.

Kuhusu umeme wa kanisani. Besi isiyo na betri isichomekwe moja kwa moja kwenye mikseri, sauti itakuwa nyembamba. Ipitishe kwenye boksi ya DI, kile kisanduku kinachoiandaa sauti ya besi ifae mikseri. Ampli iwe nyuma ya stabilaiza, kwani umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukirudi baada ya kukatika unaweza kurudi na volti nyingi. Jenereta ikiwashwa, subiri itulie ndipo uwashe ampli, sauti ikiwa sifuri. Ampli na mikseri vitoke kwenye soketi moja ili ardhi yao iwe moja, na usikate mguu wa ardhi wa plagi eti ngurumo iondoke.

Majengo mengi hayana waya wa ardhi kabisa, na anayeimba huku ameshika besi ndiye anayepigwa, kwenye midomo. Kabla ya mazoezi, weka multimita kwenye volti za umeme wa nyumbani, ncha moja kwenye nyuzi za besi, nyingine kwenye wavu wa mikrofoni. Ikisoma karibu na sifuri, endelea. Ikisoma makumi ya volti, zima ampli, chomoa, jaribu soketi nyingine, pima tena. Volti zikibaki, mwambie mchungaji amwite fundi wa umeme, na siku hiyo korali iimbe bila besi.